Mzee akinifungulia, siku inakufa: ni nuksi au ni hesabu?

Swali: "Mwalimu, ninauza vitunguu na nyanya katika soko la Wakulima hapa Nakuru, huu ni mwaka wa sita. Kuna mzee mmoja, fundi wa viatu, anakaa nyumba za karibu na soko. Akitangulia yeye kununua asubuhi, siku hiyo imekufa. Sisemi kwa kusikia, nimempima. Mara nne za mwisho alizonifungulia, zote nne nimefunga jioni mali ikiwa imejaa mezani. Juzi alikuja mapema nikamwambia vitunguu vimeisha, na anaviona pale. Akaondoka bila neno. Siku hiyo niliuza mpaka nyanya za kupondeka. Binti yangu yuko chuo, anasema akili yangu inanidanganya na kwamba huo ni ushamba. Nimemkasirikia, lakini usingizi nao hauji. Mkweli ni nani?"

Jibu: Mama, nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale mzee alipoondoka bila neno. Ninashuku hapo ndipo usingizi wako ulipopotelea. Tutamrudia. Kwanza hesabu.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kukaa nyuma ya meza ya soko: mteja wa kwanza "anakufungulia". Pesa yake wengine huigusisha kwenye paji la uso, wengine huitemea mate kidogo, wengine huipitisha juu ya mali yote kabla ya kuitia mfukoni. Hapa Kisumu, soko la Kibuye, nimemwona mama wa mitumba akiuza koti kwa hasara saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili tu afunguliwe. Siku hizi pesa inakuja kwa simu, na kuna mmoja nilimwona akiigusisha simu yenyewe kwenye fungu la sukuma wiki. Sicheki. Kazi ambayo mapato yake hayajulikani mpaka jioni lazima itafute dalili asubuhi. Wavuvi wanazo, madereva wanazo, na mawakili wanazo pia, ila wao hawasemi.

Sasa nikuulize jambo la kazi yako. Mizani mbovu ziko za aina mbili. Iko ile iliyolegea, ukiweka kilo moja ya nyanya leo inasema gramu 950 na kesho inasema 1,050. Inakuibia wewe, kisha inamwibia mteja, na mwisho wa mwezi mnakaribiana. Halafu iko ile iliyolala upande mmoja, ambayo kila kilo inaipunja gramu 50, mvua au jua, mteja awe tajiri au maskini. Maafisa wa vipimo wakija na mawe yao, hiyo ya pili ndiyo inayokupeleka kortini, kwa sababu kosa lake lina upande. Wanasaikolojia wakisema akili ya binadamu ina mwegemeo, wanamaanisha mizani hii ya pili. Kukosea ni kawaida. Ajabu ni kwamba tunakosea kuelekea upande ule ule, profesa na makanga, kiasi kwamba unaweza kutabiri mtu atakosea wapi kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo neno la binti yako, ushamba, tuliondoe mezani. Walioligeuza jambo hili kuwa somo linalosimama peke yake ni wanasaikolojia wawili wa Israeli, Amos Tversky na Daniel Kahneman, na makala yao ya kwanza pamoja, ya mwaka 1971, haikuwahusu watu wasiosoma. Waliwauliza watafiti wenzao, watu ambao takwimu ndiyo ugali wao, maswali kuhusu sampuli ndogo. Nao wakaziamini sampuli hizo ndogo kupita kiasi, kama vile wewe unavyoziamini siku zako nne. Mwaka 1974 wakaandika makala iliyowajulisha kwa ulimwengu: kwamba akili hupita njia za mkato, kwamba njia hizo mara nyingi hufika, na kwamba zikipotea hupotea kwa mpangilio. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996, na Nobel haipewi aliyekwisha kufa.

Hilo la "inanidanganya" pia silipendi. Ukimwona mtu anaminya nyanya tatu bila kuuliza bei unajua hanunui, na hukuhitaji utafiti. Akili inayokufanyia kazi hiyo bure kila siku si tapeli. Ina haraka tu.

Tafuta kipande cha katoni. Chora msalaba katikati upate vyumba vinne. Chumba cha kwanza: mzee amefungua, siku imekufa. Cha pili: mzee amefungua, siku imekuwa nzuri. Cha tatu: amefungua mtu mwingine, siku imekufa. Cha nne: amefungua mtu mwingine, siku nzuri.

Katika barua yako chumba cha kwanza kina alama nne. Cha nne kina moja, ile ya juzi. Cha pili umekiacha kitupu, na cha tatu hukukitaja kabisa, kana kwamba hakikujengwa. Lakini kipo, Mama. Ndimo inamokaa njaanuari yote, karo imelipwa na mtu ananunua kitunguu kimoja cha kugawanya mchana na jioni. Zimo zile siku malori ya vitunguu vya Tanzania yameshusha kwa mpigo na bei ikaanguka kabla hujafungua gunia. Zimo siku za maandamano mlipofunga saa nne asubuhi. Nani alikufungulia siku hizo? Hukumbuki, na hakuna ambaye angekumbuka, kwa sababu siku mbaya isiyo na mtuhumiwa haina msumari wa kutundikwa. Na chumba cha pili? Miaka sita, na mzee anaishi pale pale, hajawahi kukufungulia ukauza vizuri hata mara moja? Mimi ninaamini amewahi. Siku hiyo ulikuwa na foleni mezani, na jioni ukiwa unahesabu noti hukuwa na sababu ya kujiuliza ni nani aliyetangulia.

Usidhani ni wewe peke yako. Mwaka 1963 mtafiti wa Norwei, Jan Smedslund, aliwapa wauguzi kadi 100. Kila kadi ilikuwa mgonjwa mmoja: ana dalili fulani au hana, ana ugonjwa fulani au hana. Wazipitie, kisha waseme kama dalili ile na ugonjwa ule vinahusiana. Kadi 37 zilikuwa na vyote viwili. Kadi 17 zilikuwa na dalili bila ugonjwa, 33 zilikuwa na ugonjwa bila dalili, na 13 hazikuwa na chochote. Wengi wao wakajibu kwamba uhusiano upo, na kilichowashawishi ni zile kadi zenye vyote viwili.

Piga hesabu polepole. Wenye dalili jumla ni 54, na wagonjwa kati yao ni 37, yaani kama 69 kwa kila 100. Wasio na dalili ni 46, na wagonjwa kati yao ni 33, kama 72 kwa kila 100. Dalili haikuambii kitu. Asiye nayo ndiye aliyezidi kidogo kuugua! Lakini kadi 37 zenye vyote viwili ni nyingi, zinajaza macho, na macho yakishajaa mkono hauandiki tena. Na hawa ni wauguzi, watu ambao uhai wa wengine unategemea wanavyosoma dalili.

Chumba cha kwanza kinapendwa pia kwa sababu kinauma. Mwaka 1979 Kahneman na Tversky walionyesha kwamba kupoteza shilingi 1,000 kunamuuma mtu kuliko kupata 1,000 ile ile kunavyomfurahisha. Sokoni mnalijua hilo bila wao.

Umesema umempima. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu wasomi nao huangukia hapa hapa. Mjaribu binti yako leo jioni. Mwambie nambari tatu, 2, 4, 6, zinafuata kanuni uliyoificha kichwani. Yeye akutajie nambari tatu nyingine, mara nyingi anavyotaka, nawe umjibu kama zinafuata au hazifuati, na akishakuwa na hakika aitaje kanuni yenyewe. Atakuambia 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. 100, 102, 104. Ndiyo. Kisha atakaa vizuri kwenye kiti na kutangaza: nambari zinazopanda kwa mbili mbili. Mwambie hapana. Kanuni ni nambari tatu zozote zinazopanda, hata 1, 7, 900 zingepita. Peter Wason aliucheza mchezo huu London na watu 29, akaandika matokeo mwaka 1960: 6 tu ndio waliotaja kanuni sahihi bila kwanza kutaja ya uongo. Wengi waliuliza maswali ambayo walitarajia kujibiwa ndiyo, na hawakutafuta lile ambalo lingewaumbua.

Jaribio lako la juzi ni la namna hiyo. Ulimfukuza mzee, ukauza, ukasema umeona. Na kama usingeuza? Ninavyowajua wafanyabiashara, nikiwemo mimi ninayefuga kuku wa mayai, ungesema: tayari alikuwa amesimama mezani, ameshaviangalia vitunguu. Kipimo ambacho kila jibu lake linamtia mzee hatiani si kipimo, ni hukumu iliyoandikwa jana.

Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa na magoti ya kutabiri mvua. Sisi ni Wanyore, wa Vihiga. Saa sita mchana angejishika goti na kuniambia, "Anua nguo," nami ningeanua, na saa tisa mvua ikapiga mabati. Kwa miaka mingi niliyaamini magoti hayo kuliko redio. Nilikuja kugutuka nikiwa mtu mzima, na ndevu ninazo: Bunyore mwezi wa nne mvua inanyesha karibu kila alasiri. Goti lolote la mtu yeyote likiuma mchana wa Aprili litakuwa nabii. Na siku alizoumwa bila mvua, nguo zilikauka ndani ya nyumba na hakuna aliyeuliza. Daktari mmoja wa Kanada, Donald Redelmeier, akishirikiana na Tversky, aliwafuatilia wagonjwa 18 wa baridi yabisi kwa miezi 15, wakilinganisha maumivu na taarifa za hali ya hewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Karibu wagonjwa wote waliamini kwamba hali ya hewa ndiyo inayowatesa. Hesabu haikuonyesha uhusiano.

Binti yako asifurahi haraka, maana naye ana mizani yake iliyolala. Kwake, kikitoka kwa wazee ni ushamba kabla hakijafunguliwa. Kule kule Bunyore kuna ukoo wa Nganyi, unaojulikana kizazi kwa kizazi kwa kutabiri mvua. Wanaangalia miti inavyopukutisha na kuchanua, wadudu, ndege, upepo unatoka wapi. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa hawakuwacheka. Walikaa nao, kila upande ukaleta utabiri wake wa msimu, wakalinganisha na kutoa neno moja kwa wakulima. Tazama tofauti na goti la mama yangu. Hapa utabiri unatamkwa kabla ya msimu, mbele ya watu, na msimu una nafasi ya kuukanusha. Kwangu mimi mstari unapita hapo. Kama jambo limetoka kwa mzee mwenye fimbo au kwa msichana mwenye kompyuta, hilo halinihusu.

Turudi kwenye mara nne mfululizo, kwa sababu najua bado zinakukaa kooni. Tuseme katika biashara yako siku 4 kati ya 10 huwa mbovu, jambo ambalo sokoni si la ajabu. Uwezekano wa mtu mmoja kukufungulia mara nne na zote zikawa mbovu kwa bahati tupu ni 0.4 mara 0.4 mara 0.4 mara 0.4. Hiyo ni karibu 1 kati ya 40. Utasema ni kidogo mno kuwa bahati. Sawa, lakini nihesabie watu waliokufungulia angalau mara nne katika miaka sita. Mama wa chapati. Kijana wa boda boda anayetumwa na mkewe. Mpishi wa hoteli. Wauzaji wenzako wa safu ile, mwalimu wa nasari, mlinzi anayetoka zamu. Wakifika 40, tegemea kwamba mmoja wao atakuwa amekuangukia siku mbovu nne kwa nne, bila nuksi yoyote. Kura ilikuwa lazima imwangukie mtu. Imemwangukia fundi wa viatu, na tangu hapo ukaacha kuwatazama wale 39.

Sasa nikuachie mlango wazi, maana inawezekana kabisa macho yako yameona kitu cha kweli. Huenda ukivijaza vyumba vyote vinne kwa uaminifu ukute siku za mzee ni mbaya zaidi kweli. Mimi nisingeshangaa, na bado nisingesema ni nuksi.

Fikiria asubuhi ya kawaida. Kabla mzee hajanywa chai, wenye hoteli na mama mboga wa mitaani, wa Bondeni, Kaptembwa, Free Area, wameshafika gizani na magunia yao, na mmoja wao ndiye anayekufungulia. Sasa fikiria asubuhi ya mvua, na ile baridi ya Nakuru inayoingia kwenye mifupa. Matatu zimepandisha nauli, njia ya kuingilia soko ni tope tupu. Wale wa magunia wanachelewa, au wanapiga simu kusema watakuja kesho. Anayebaki ni jirani wa hatua chache, mwenye mwavuli na haja ya vitunguu vya shilingi 20. Anakuja, anakuwa wa kwanza. Mzee hakuiua siku. Siku ilikuwa mgonjwa tangu alfajiri, na yeye kufika wa kwanza ni dalili yake. Jogoo huwika kabla ya jua. Ukimchinja, jua litatoka tu, ila utakuwa huna jogoo.

Kuna la pili, na hili nimeliona kwa macho. Asubuhi moja nilikaa Kibuye karibu na muuza omena nikingoja mtu. Alikuwa amesimama, anazichota omena na kuzimwaga tena kutoka juu ili zing'ae, kila apitaye anamwita "kastoma wangu". Akaja kufunguliwa na mwanamke ambaye, nilivyokuja kuelezwa, husemwa ana mguu mbaya, yaani nuksi. Akampimia gorogoro moja, akapokea pesa bila kuitazama. Kisha akakalia ndoo, akafunika nusu ya omena kwa gunia, akatoa simu. Baada ya muda wakasimama wateja wawili mbele yake. Hakuinua kichwa. Wakatazamana, wakasogea kwa jirani yake, wakanunua huko. Nilipoinuka kuondoka akaniambia kwa huzuni kabisa, "Si unaona?"

Nilikuwa nimeona. Jiulize, Mama, mzee akishakufungulia wewe unakaa wapi na mikono yako inafanya nini.

Wala usidhani ninayasema haya nikiwa nimepona. Nimezaliwa Bunyore lakini nimelelewa Kisumu, na kosa hilo limenifanya shabiki wa timu ya mpira ya Gor Mahia. Ndugu zangu wa Ingwe, yaani AFC Leopards, wameshazoea. Mwaka 1987, fainali ya Kombe la Washindi la Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, sikwenda Nairobi kwa sababu nauli haikupatikana. Nilibaki na redio ya mjomba. Mechi ya Tunis ilikuwa 2-2, ya nyumbani ikawa 1-1, kombe likaja Kenya kwa mabao ya ugenini. Mjomba akanigeukia: "Unaona? Hukwenda." Hadi leo nikiingia uwanjani na Gor ikafungwa, mtu fulani ndani yangu anasema ni mimi. Sijawahi kuorodhesha mechi nilizokosa ambazo pia ilifungwa, na zipo nyingi, na somo hili ninalifundisha. Ukisimama ufuo wa Dunga ukatazama kasia la mvuvi likiwa nusu majini, linaonekana limepinda. Unajua halijapinda, na linazidi kuonekana limepinda. Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake wa Stanford walionyesha kwamba watu huiona miegemeo hii kwa wenzao upesi kuliko wanavyoiona kwao wenyewe, na kwamba hata baada ya kuelezwa, mtu huendelea kujiona yeye yuko sawa kuliko wengine. Mwonyeshe binti yako sentensi hiyo kwa upole.

Labda unajiuliza kwa nini ninakung'ang'ania namna hii kwa ajili ya vitunguu. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na watu waliowaita wachawi. Sisemi wewe na safu yako mko karibu na hapo. Ninasema tuhuma za aina hiyo huanza na chumba cha kwanza kilichojaa na vyumba vitatu ambavyo hakuna aliyevifungua. Mtoto wa fulani aliugua baada ya bibi kupita, ng'ombe wa fulani alikufa baada ya bibi kuomba chumvi. Bibi hupita kila siku. Huomba chumvi kila wiki. Siku ambazo hakuna aliyeugua hazina msimulizi. Fundi wako wa viatu leo amekosa vitunguu tu, lakini safu nzima ikishakubaliana na wewe, hataambiwa tena kwamba vimeisha. Ataambiwa asipite.

Basi nunua daftari dogo. Asubuhi, kabla hujajua siku itakuwaje, andika aliyekufungulia, na kama mvua ilinyesha. Jioni andika mauzo kwa shilingi. Usiandike "nzuri" wala "mbaya", maana maneno hayo yatapinda kumfuata mzee. Andika 3,450 au 1,120 na uache hapo. Wateja wape herufi badala ya majina, B, D, K, na usimwambie binti yako herufi ya mzee ni ipi. Baada ya miezi mitatu yeye ndiye ahesabu, na aamue ni kiasi gani kiitwe siku mbovu kabla hajaziangalia herufi. Kisha azigawe siku za mvua kando na za ukavu, avijaze vyumba vinne mara mbili. Kama wateja wako hulipa kwa M-Pesa, taarifa ya miezi iliyopita unaweza kuiomba kwenye simu. Haitakuambia nani alifungua, lakini itakurudishia siku zote mbovu, pamoja na zile ulizozisahau, na nadhani utashtuka zilivyo nyingi.

Tatizo moja lipo. Hesabu hii haiwezekani bila mzee. Ukimkataa, chumba cha kwanza na cha pili vitabaki vitupu na daftari litakuwa halina cha kusema. Kwa hiyo kesho akipita, muite wewe mwenyewe, mpimie vile vyake vya shilingi 20, na kwa ajili ya juzi umwongezee kimoja.